Hesabu ya Jani: Historia ya Programu Huria za Mwigo wa Kemia, Ikitazamwa kutoka Chepilat

Chepilat ni kituo cha biashara kilichoko kwenye barabara itokayo Sotik kuelekea Keroka na Kisii, mahali ambapo kaunti ya Bomet inapakana na ile ya Nyamira. Upande mmoja husemwa Kipsigis, upande wa pili Ekegusii, na katika maduka na vibanda vya katikati husemwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna jirani anayekidai kuwa chake peke yake. Ujirani huo haukuwa wa amani siku zote. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba na maduka ya mpakani yalichomwa moto. Hata hivyo zao la chai liko pande zote mbili. Majani mawili pamoja na chipukizi lao huchumwa alfajiri, hupimwa kituoni, hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kiwandani, na tangu hapo mkulima hayaoni tena. Anachokiona baadaye ni malipo ya kila mwezi kwa uzito wa majani, na mwisho wa mwaka ile nyongeza ambayo wakulima wote huiita bonasi.

Kati ya mizani na bonasi kuna kiwanda, na kiwanda cha chai ni mtambo wa kemia, ingawa si wengi wakiitao hivyo. Makala haya yanachunguza namna kazi ya mitambo ya aina hiyo ilivyokuja kuandikwa kwa hesabu, hesabu hizo zikageuzwa programu za kompyuta, programu zikafungiwa na wenye mali, na hatimaye nyingine zikaandikwa upya hadharani ili atakaye azisome. Linalotafutwa ni kujua historia hiyo imefika umbali gani kutoka Chepilat, na imekwamia katika lugha gani.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yalifungua mashamba ya Kericho, na kwa muda wa kizazi kizima Mwafrika aliruhusiwa kuichuma chai ya wengine bali si kuipanda yake. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati, kilijengwa Nyeri mwaka 1957. Mwaka 1964 ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, KTDA, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Kwa sheria, basi, mkulima wa Chepilat apelekaye majani katika kiwanda cha namna hiyo ni mwenye kiwanda. Swali la kama aweza kukisoma kiwanda chake ni swali jingine.

Kukisoma kiwanda maana yake nini? Hapana budi kuchukua mfano wa tarakimu, maana bila tarakimu maneno mengine yote yatakuwa ya kupambia. Tuseme zimefika kilo 1,000 za majani mabichi, na kati ya kila sehemu 100 za uzito wake sehemu 78 ni maji. Yabisi iliyomo ni kilo 220 tu, na yabisi hiyo ndiyo itakayouzwa. Chai iliyokauka hubakiwa na maji kiasi cha sehemu 3 katika 100, kwa hiyo uzito wake utakuwa kilo 227 hivi. Hizo kilo 773 za maji hutolewa kwa hatua mbili. Kwanza majani hutandazwa katika mabirika marefu na kupulizwa hewa mpaka yanyauke. Yakifikia sehemu 70 za maji katika 100, yamekwisha kupoteza kilo 267. Baada ya kukatwakatwa na kuachwa yageuke rangi huingia katika mtambo wa kukaushia, ambapo hewa ya moto huondoa kilo 506 zilizosalia.

Sasa na tufikiri kwamba usiku ulikuwa wa mvua, kama ulivyo mara nyingi katika nchi ya Sotik, na majani yakanyauka mpaka sehemu 74 tu. Uzito wake ni kilo 846, wala si 733, na mtambo wa kukaushia utalazimika kuondoa kilo 619 za maji. Tofauti ni kilo 113, yaani zaidi ya humusi ya kazi yote ya awali. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwenye kiwango cha kuchemka huhitaji megajuli 2.26 za nishati. Kilo 113 zahitaji megajuli 255. Kilo ya kuni zilizokauka vizuri hutoa kiasi cha megajuli 15, basi tofauti ile ni kilo 17 za kuni kama boila haipotezi chochote, na boila hupoteza mengi. Kuni hizo hulipwa kabla ya bonasi kugawanywa.

Mwendeshaji mzoefu wa mabirika hayajui matarakimu haya kwa umbo hili, lakini anayajua kwa kiganja. Hufumbata majani, huyaachia, hutazama kama yanafumuka au yanabaki yamefinyangika, kisha huamua kuongeza hewa au kungoja. Mwigo wa kompyuta haufanyi zaidi ya hayo kwa asili yake. Huuliza kilichoingia, huuliza joto na hewa, hufuata kanuni kwamba hakuna kilo wala megajuli inayopotea, na hutoa jibu. Panapokuwa na mzunguko, yaani kitu kinachotoka mwisho kurudishwa mwanzo, programu hukisia, hukokotoa, hulinganisha jibu na kisio, na kurudia mpaka viwili hivyo vikubaliane. Faida yake juu ya kiganja ni kwamba hujaribu usiku mia wa mvua pasipo kuharibu jani hata moja. Upungufu wake ni kwamba hujua yale tu yaliyoandikwa ndani yake.

Hatua ya katikati, ile ya kugeuka rangi, ndiyo iliyo ngumu kuandika, na pia ndiyo inayoonyesha jinsi lugha inavyoweza kurithi kosa. Kwa Kiingereza iliitwa kwa neno lile lile litumiwalo kwa pombe na mkate, maana wataalamu wa karne ya 19 walidhani ni kazi ya vijidudu. Harold Mann, aliyefanya utafiti nchini India, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba kinachofanya kazi ni kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe. Jani likikatwa, kimeng'enya hukutana na polifenoli na oksijeni ya hewa, na polifenoli huungana kuwa vitu vipya ambavyo E. A. H. Roberts alivipa majina ya theaflavini na thearubijini katika miaka ya 1950. Theaflavini huipa chai wepesi na mng'ao. Thearubijini huipa uzito na wekundu. Kosa lilikwisha kusahihishwa, ila jina halikubadilishwa, na Kiswahili kikalitafsiri likiwa na kosa lake: kuchachusha. Mtu wa Bomet anayekunywa mursik kutoka kibuyuni anajua barabara uchachu ni nini. Akiambiwa kwamba chai nayo huchachushwa, ana haki ya kuuliza mbona si chachu. Anayeandika mwigo kwa kufuata jina angeweka mlinganyo wa vijidudu vinavyozaliana. Anayefuata kemia ataweka mlinganyo wa kimeng'enya kinachochoka. Majibu ya milinganyo hiyo miwili hayafanani hata kidogo.

Mitambo iliyoigwa kwanza kwa kompyuta haikuwa ya chai. Kampuni ya Monsanto ya Marekani ilitengeneza programu iitwayo FLOWTRAN katika miaka ya 1960 kwa ajili ya viwanda vyake, na katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vya huko viliruhusiwa kuitumia kufundishia. Kisha likaja tatizo la mafuta la mwaka 1973. Serikali ya Marekani ilitaka kujua kwa haraka kama makaa ya mawe yangeweza kugeuzwa kuwa mafuta, na mwaka 1976 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ikaanza, kwa fedha za umma, mradi ulioitwa ASPEN. Mradi ulikwisha mwaka 1981. Mwaka huo huo kiongozi wake, Lawrence Evans, akaanzisha kampuni ya Aspen Technology, ambayo iliiendeleza programu hiyo na kuiuza kwa leseni. Hapana haja ya kumlaumu mtu. Programu isiyo na wa kuitunza hufa upesi, na kampuni iliitunza vizuri. Lakini matokeo yake ni kwamba hesabu iliyogharimiwa na umma ilifikia kuwa sanduku lililofungwa, ambalo mnunuzi huingiza namba upande mmoja na kupokea namba upande wa pili bila kuona kilichotendeka ndani.

Dhidi ya masanduku ya namna hiyo Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akisema kwamba mwenye programu ana haki ya kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kumpa jirani. Leseni ya GPL ikatolewa mwaka 1989. Hapa historia ya lugha inaingia kwa mlango wa mbele. Kiingereza kina neno moja linalobeba pamoja maana ya kutokuwa mtumwa na maana ya kutokuwa na bei, na wafanya biashara walipolisikia walidhani wanaambiwa habari za vitu vya kugawa. Mwaka 1998 wenzake Stallman kadha wa kadha walichagua jina jingine, lenye maana ya chanzo kilicho wazi, ili kuukimbia utata huo. Stallman mwenyewe hakulikubali, na mabishano hayakwisha. Kiswahili hakikuwa na haja ya mabishano hayo. Huru ni neno moja, bure ni jingine, na wala hapana mtoto wa shule anayeyachanganya. Tena kulikuwapo neno la tatu, huria, ambalo lilikwisha zoeleka katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Programu huria likapata makao bila taabu. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mfasiri wa Kiswahili aliipokea dhana ikiwa katika hali nzuri kuliko alivyoiacha mwenyewe.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu katika fani ya mwigo wa kemia. Mwaka 1997 ulianza Ulaya mradi wa CAPE-OPEN, uliokusudia kwamba sehemu za programu za watungaji mbalimbali ziweze kuunganishwa, na kutokana na kanuni zake kulipatikana programu ya COCO, iliyotungwa na Jasper van Baten. COCO hutolewa bure. Msimbo wake haukutolewa. Ni ya bure pasipo kuwa huria, na Mswahili aliyefundishwa tofauti hiyo haoni ajabu. (Sehemu ya COCO ikokotoayo thermodinamiki imepewa jina la TEA, ambalo kwa Kiingereza husomeka kama chai. Ni mzaha wa herufi za mwanzo tu, jani halimo.)

Programu iliyokuwa huria kweli ilitoka Brazili. Mhandisi Daniel Medeiros aliitoa DWSIM kuanzia mwaka 2008 chini ya leseni ya GPL. Ina kile ambacho wahandisi hukitaka: mchoro wa mtiririko unaochorwa kwenye kioo, minara ya kutenganisha vimiminika, pampu, matangi ya mmenyuko, na milinganyo ya kukadiria tabia za gesi na vimiminika. Atakaye huifungua na kusoma mstari kwa mstari jinsi jibu lilivyopatikana. Hata hivyo asili ya ujuzi wake hujitokeza. Mlinganyo mashuhuri wa Peng na Robinson, unaotumiwa ndani ya DWSIM na karibu programu zote za aina yake, ulitungwa katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 1976, kwa haja za gesi asilia. Ulirithiwa ukiwa na ulimwengu wake wa mabomba na visima. Jani lililochumwa asubuhi, ambalo bado linapumua na bado lina kuta za seli ambazo hazijavunjwa, halikuwa katika mawazo ya aliyeutunga.

Nchi iliyoifuata DWSIM kwa bidii ni India. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Bombay mradi wa FOSSEE, chini ya Kannan Moudgalya na kwa fedha za serikali, uliwaalika wanafunzi wa vyuo mbalimbali kujenga michoro ya mitambo katika DWSIM, na michoro iliyokaguliwa ikawekwa wazi kwa wote. Pamoja na hayo yakatengenezwa masomo mafupi ya picha na sauti, na sauti zake zikatafsiriwa katika lugha nyingi za India. Wahindi waliamua jambo moja linalostahili kuangaliwa na wanaisimu wa Afrika Mashariki: maelezo hunenwa kwa Kihindi, Kimarathi au Kitamil, lakini maandishi ya kwenye kioo hubaki ya Kiingereza. Sababu yao ni kwamba mwanafunzi atahitaji maandishi hayo kazini.

Kiswahili kilichukua njia ya pili. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, na humo kioo chenyewe kilisema Kiswahili. Yaliyowezesha kazi hiyo ni mambo mawili: msimbo uliokuwa wazi, na hazina ya istilahi iliyokusanywa tangu zamani. Hazina hiyo haipungui upande wa kemia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, baada ya kazi ya miaka mingi, na mtu aitafutaye namna ya kuisema elementi au mmenyuko kwa Kiswahili hatatoka mikono mitupu. Lakini kamusi hiyo ilitungiwa darasa, na darasa lenyewe la sekondari likaendelea kufundishwa sayansi kwa Kiingereza, Tanzania na Kenya sawia. Istilahi zikakaa rafuni kama mbegu zilizowekwa vizuri bila shamba.

Hata neno mwigo lenyewe halikupokelewa kwa moyo mmoja. Katika maandishi ya miaka ya baada ya uhuru kuiga lilikuwa neno la kulaumu. Aliyeiga alikuwa mwenye kasumba. Wengine wamependelea kielelezo, ambacho ni neno la heshima zaidi lakini husimama tu bila kutenda. Mwigo wa mtambo hutenda: ukiongeza hewa, majani yake hunyauka. Kwa sababu hiyo, na licha ya kumbukumbu zake, mwigo lafaa zaidi.

Mwigo wa ukaushaji wa chai umekwisha kuandikwa, na uliandikwa Afrika. S. J. Temple, akiwa katika shirika la utafiti wa chai la Afrika ya Kati huko Mulanje, Malawi, alishirikiana na A. J. B. van Boxtel wa Wageningen, Uholanzi, kupima jinsi chai nyeusi inavyopoteza maji katika hewa ya moto, na kutokana na vipimo hivyo wakatunga milinganyo ya mtambo wa kukaushia ambao chai huelea juu ya hewa. Makala zao zilichapishwa mwaka 1999 na 2000. Sehemu ya theaflavini nayo ina vipimo vyake, na hivyo vilifanywa kwa majirani wa Chepilat. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kericho mwaka 1951, na mwaka 1980, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya, ikawa taasisi ya Kenya peke yake. Huko P. Okinda Owuor na Martin Obanda walichunguza kwa miaka mingi athari za joto na muda juu ya jani lililokatwa, wakaonyesha kwamba joto la chini pamoja na muda mrefu zaidi huleta theaflavini nyingi kuliko joto la juu, na kwamba aina moja ya mche haifuati ratiba ya mwenzake. Mkulima aliyepanda mche wa 6/8 na jirani aliyepanda mwingine hupeleka katika lori moja vitu viwili vinavyotaka saa mbili tofauti.

Vipande viko, basi, ila vimetawanyika. Maji ya mtambo wa kukaushia yako katika majarida ya Ulaya. Kimeng'enya kiko Kericho. Msimbo ulio wazi umetoka Brazili na kuzoezwa India. Majina yako katika kamusi ya Dar es Salaam. Vyote viko kwa Kiingereza isipokuwa hayo majina. Kuviunganisha si kazi ya kustaajabisha kwa mhandisi mmoja au wawili wa kemia, na Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimekuwa kikiwatoa wahandisi wa namna hiyo huko Eldoret, safari ya saa chache kutoka nchi ya chai. DWSIM humruhusu mtumiaji kuongeza kitu kisichokuwamo na kuandika sehemu yake mwenyewe ya mtambo, na leseni yake haimlazimu kuomba idhini ya mtu.

Kinachohitajika kabla ya yote ni daftari la kiwanda: kiasi cha maji yaliyokuwamo katika majani yalipofika, joto la hewa, saa za kunyausha, uzito wa kuni, siku kwa siku, kwa majira ya mvua na ya kiangazi. Madaftari ya namna hiyo huandikwa kila zamu kwa kalamu, na aghalabu wakulima ambao kiwanda ni chao hawajapata kuyafungua.